Mbuta Hakuja Mwenyewe

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoona kwa mara ya kwanza mtu akivua samaki kwa raha. Binamu yangu aliendesha boti ya wageni upande wa Rusinga, na siku hiyo alikosa msaidizi. Tulibeba mzee mmoja wa Kizungu na mwanawe. Tukaenda polepole kwenye maji ya kina karibu na Mfangano, huku mishipi miwili ikikokota samaki wa plastiki nyuma yetu. Watu wa pwani huita uvuvi huo kurambaza. Mimi sikuwahi kulisikia neno hilo, kwa sababu kwetu nani angechoma petroli asubuhi nzima akitafuta samaki mmoja?

Baadaye fimbo ikajikunja. Mzee alipigana karibu robo saa, jasho likimtiririka, akamtoa mbuta wa kilo thelathini hivi. Akapigwa naye picha. Halafu akasema arudishwe majini. Nikabaki mdomo wazi. Kwetu Kisumu, huyo ni karo ya shule, bana!

Nilipomsimulia dani, yaani nyanya yangu, hakushangaa. "Nyakwara," akaniambia, "huyo samaki aliletwa na watu wa kucheza. Waache wacheze naye."

Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Miaka baadaye nikaanza kusoma, nikakuta dani hakuwa mbali na ukweli.

Mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Kwao ni Ziwa Albert, Turkana na sehemu za chini za mto Nile. Maporomoko ya Murchison ndiyo yaliyomzuia kupanda hadi kwetu. Hapa samaki wa heshima alikuwa ngege. Lakini reli ilifika Kisumu mwaka 1901, nyavu za kigeni zikafuata mwaka 1905, na Michael Graham alipokuja kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, ngege walikuwa wameanza kupungua. Graham huyo huyo alionya kwamba kumleta mbuta kungeweza kuwa hatari.

Wakoloni hawakuwa wageni wa mchezo huu. Mwaka 1905 trauti walitolewa Uskoti wakatiwa mto Gura, kule Aberdare, ili walowezi wapate cha kuvua siku za mapumziko. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maafisa wa wanyamapori na uvuvi Uganda wakaligeukia Ziwa Victoria. Hoja yao: ziwa limejaa fulu, visamaki vidogo visivyo na faida, basi tulete mkubwa awale, tupate nyama ya kuuza na samaki wa kupigana naye kwenye mshipi. Wanasayansi wakabishana nao. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika makala nzima ya kupinga.

Kumbe alikuwa amechelewa. Utafiti wa Robert Pringle, uliotoka mwaka 2005, unaeleza kwamba mbuta walishatiwa ziwani kimyakimya hapo Jinja mwaka 1954, kwa amri ya wakubwa wa idara. Wengine wakafuata hadharani, wakiwemo waliomwagwa hapa Kisumu mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru.

Si huku tu. Mwaka 1966 jimbo la Michigan, Marekani, lilitia samoni wa Pasifiki katika Ziwa Michigan kwa hoja inayofanana: wale visamaki vilivyozagaa, na watu wapate burudani. Hadi leo, joto likipanda, samoni hushuka kwenye maji baridi, na wavuvi huwarambaza kwa mishipi yenye uzito wa kufika huko chini. Lakini visamaki vya kule vilikuwa wavamizi kutoka baharini. Fulu wetu walikuwa aina mia kadhaa, nyingi zao hazipatikani popote pengine duniani.

Miaka ya 1980 mbuta akafurika. Takriban aina 200 za fulu zinadhaniwa kutoweka, nyingine kabla hazijapewa jina la kisayansi. Uchafuzi wa maji nao ulichangia. Dani alikuwa akiwaanika fulu juani tu, basi. Mbuta ana mafuta mengi, jua halimtoshi. Anataka moshi au karai, na moto unataka kuni. Miti ikakatwa.

Sasa ningependa kumlaani huyu samaki nimalize, lakini siwezi. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Kisumu, nyama ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabakiwa na mifupa: kichwa, mgongo na mkia. Tukaiita mgongo wazi. Mama yangu aliinunua, akaikaanga, akaiuza Obunga. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wetu mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda vilipunguza kazi, mifupa ikaadimika, na nyumbani tukalala njaa siku kadhaa. Mbuta aliyemaliza samaki wa dani ndiye aliyenisomesha mimi. Bila yeye nisingejua kusoma hizo makala za kumpinga.

Kinachoniuma ni kwamba dani alikuwa hapa hapa ufuoni, msichana wa kuolewa, wakati wazungu wakibishana kuhusu ziwa lake. Hakuna aliyemuuliza kama fulu hawana faida. Nilimuuliza mimi, nikiwa nimechelewa miaka hamsini. Akanitajia fulu aliowajua, mmoja mmoja: huyu mweusi wa mawe, huyu mwenye tumbo jekundu, huyu mchungu anayefaa kwa uji wa asubuhi. Alipofika wa tisa akanyamaza kidogo, akijaribu kumkumbuka wa kumi.

Nilikuwa na kalamu. Nikaandika wale tisa.