Boti ya Samaki, Boti ya Mama na Watoto

Mtu akikuambia anatafuta boti ndogo ya injini, ya kuvulia samaki na pia ya kutembeza familia Jumapili, anakuambia kwamba anataka boti mbili kwa bei ya moja. Mvuvi anataka nafasi ya kusimama, ubavu ulio chini kidogo ili samaki aingie bila vita, na sakafu ya kuosha damu na magamba kwa ndoo mbili za maji. Familia inataka kiti, kivuli, ubavu mrefu ili mtoto asitumbukie, na safari isiyorusha watu kama magunia ya viazi. Vitu hivi vinagombana. Muuzaji atakuapia kwamba havigombani, lakini hiyo ndiyo kazi inayompa ugali.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani na una historia yake. Sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea Marekani, kati ya mwaka 1905 na miaka ya 60, na boti nyingi za faiba unazoziona leo Kilifi, Mtwapa au Lamu zimerithi majibu yaliyopatikana huko. Ukijua nani alijibu nini, na kwa nini, utanunua kwa akili zaidi.

Tuanze na injini, ile ya kutundika nyuma, ambayo wavuvi wetu huiita mashini. Ole Evinrude alizaliwa Norway mwaka 1877, akahamia na wazazi wake Wisconsin akiwa mtoto. Wisconsin ni jimbo la maziwa (ya maji, ingawa ya ng'ombe pia yapo tele). Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alijenga mashua kwa kujificha, baba yake akaigundua na kuivunjavunja, naye akaanza kujenga nyingine. Halafu kuna kisa ambacho kila mpenzi wa boti Marekani anakijua: kiangazi cha 1906, Ole yuko mandari kwenye kisiwa cha Ziwa Okauchee pamoja na Bess Cary, msichana ambaye angekuja kumwoa. Bess akatamani aiskrimu. Ole akapiga makasia kama kilomita 4 hadi ufukweni, akanunua, akapiga makasia kurudi kwenye jua kali. Aliporudi, aiskrimu ilikuwa supu.

Wajuzi watakukumbusha kwamba Ole hakuwa wa kwanza. Cameron Waterman alitengeneza mashini ya kutundika mwaka 1905 na kupata hataza mwaka 1907. Sawa. Lakini Waterman hakuwa na Bess. Ole alikuwa fundi wa chuma asiyependa makaratasi; Bess ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu, akajibu barua, na akaandika tangazo lililowaambia watu waache kupiga makasia, wayatupe kabisa. Na hakuwa mtu wa kubembeleza: inasemekana alipoiona mashini kwa mara ya kwanza, alisema inafanana na kisagio cha kahawa. Ile iliyoingia sokoni mwaka 1909 ilikuwa na nguvu za farasi 1.5 na uzito wa kilo 28 hivi.

Hapo ndipo jambo la kuvutia linatokea. Kifaa kilichozaliwa kwenye mandari kilichukuliwa na watu wa kazi. Oluf Mikkelsen, mfanyabiashara mwenye asili ya Denmark aliyekuwa New York, aliagiza mashini chache za majaribio, kisha akarudi kuagiza maelfu. Wateja wake walikuwa wavuvi wa Skandinavia. Kwa mvuvi anayepiga makasia asubuhi kwenda na jioni kurudi, farasi moja na nusu si mzaha.

Mwaka 1914 afya ya Bess ilizorota, wakauza kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakarudi sokoni na mashini mpya waliyoiita Elto, yenye sehemu nyingi za alumini, silinda mbili, nguvu zaidi, na uzito uliopungua hadi kilo 22 hivi. Kilo sita zinaonekana kidogo mpaka ukumbuke zinakaa wapi. Mashini yote inaning'inia kwenye tezi, mahali pabaya kuliko pote kwa boti ndogo kubeba mzigo. Leo utaona jamaa amenunua boti ya mita 4 na nusu, akafunga injini kubwa aliyoipata kwa bei nzuri, akaweka madebe mawili ya petroli kulekule nyuma, na nahodha mwenyewe akakaa papo hapo. Omo inatazama mbinguni. Wimbi moja tu likimfuata kwa nyuma wakati amepunguza mwendo, maji yanaingia ndani kama mgeni aliyealikwa. Bess na Ole walilielewa jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Injini ikawa tayari, lakini tumbo la boti likabaki nyuma. Boti ndogo inaweza kwenda kwa njia mbili. Inaweza kulima maji, yaani kuyasukuma kando taratibu kama mashua ya tanga. Hapo mwendo una kikomo kinachotokana na urefu wa boti, na ukiongeza injini unachoma mafuta tu. Au inaweza kupanda juu ya maji na kuteleza. Tumbo bapa linapanda upesi na halihitaji nguvu nyingi, tena likisimama linatulia kama meza. Ila likikutana na mawimbi kwa mwendo, kila wimbi ni kofi. Mvuvi anasimama, anakunja magoti, anavumilia. Mama mjamzito aliyeketi kwenye ubao atavumilia vipi?

Aliyetatua upande huo ni Ray Hunt, mbaharia na mbunifu wa Massachusetts ambaye hakusomea uhandisi. Wakati wake, boti za mwendo zilikuwa na umbo la V mbele, kisha tumbo likawa bapa kadiri linavyokwenda nyuma. Hunt akaipeleka V yenye kina mpaka kwenye tezi. Mwaka 1958, wakati wa mchujo wa mashindano ya America's Cup huko Newport, Dick Bertram aliona boti ndogo ya Hunt ya futi 23 ikikata mawimbi ambayo wengine waliyaogopa. Akaagiza yake ya futi 31, akaiita Moppie, jina la utani la mkewe. Mwaka 1960 aliingia nayo kwenye mashindano ya Miami hadi Nassau, bahari ikiwa imechafuka vibaya. Moppie ilifika kwa saa 8 hivi. Wengi wa wapinzani walifika kesho yake, au hawakufika. Moppie ilikuwa ya mbao, na kutokana nayo wakatengeneza kalibu ya boti za faiba. Bertram 31 ikawa moja ya boti zinazoheshimiwa zaidi kwenye uvuvi wa samaki wakubwa, na pia watu wakalala ndani yake na familia zao.

Hadithi ingeishia hapo kama bahari ingekuwa ya kukimbia tu. Lakini kuvua ni kusimama. Ukizima injini na kutupa ndoano, ile V kali, kama digrii 24 kwenye tezi, inayumba upande hadi upande, na hapo ndipo watoto wanaanza kutapika. Tena V inataka injini kubwa zaidi ili ipande. Kila ulaini unaoupata ukiwa mbioni, unaulipia ukiwa umetulia, na unaulipia tena kwenye kituo cha petroli.

Jibu la pili lilitoka mwaka uleule wa 1958, na Hunt alihusika tena. Dick Fisher alileta kwenye maonyesho ya boti ya New York kitu kifupi cha futi 13 na kidogo, sura yake kama beseni la kufulia. Ni Boston Whaler. Chini haikuwa na V moja bali kama matumbo matatu yaliyoungana, wazo lenye mizizi kwenye boti ya zamani iitwayo Sea Sled. Katikati ya ganda la nje na la ndani kulijazwa povu gumu. Mwaka 1961 jarida la Life lilichapisha picha za Fisher akiwa amekaa ndani ya boti yake majini huku inakatwa vipande viwili kwa msumeno. Kisha nusu yenye injini ikaendeshwa kuondoka. Tangazo la namna hiyo halihitaji maneno.

Whaler ilipiga makofi kwenye mawimbi kuliko boti ya Hunt ya V, hilo halina ubishi. Lakini mtu mzima aliweza kusimama ukingoni kuvuta samaki na boti isilale. Wavuvi waliipenda, familia zikaipenda, hata jeshi la Marekani likaichukua.

Sisi wa huku tuna haki ya kutabasamu kidogo. Ngalawa, ambayo imekuwa kwenye pwani hii muda mrefu kabla ya faiba, ilishatoa jibu hilohilo: gogo jembamba linalokata maji kirahisi, na mirengu pande zote mbili ili mvuvi akiinama kuvuta mshipi asipinduke. Fisher aliiweka mirengu yake ndani ya boti, basi.

Mwaka 1960 Yamaha ya Japani ilitoa mashini yake ya kwanza ya kutundika, P-7, na miongo iliyofuata mashini za Kijapani zikawa ndizo sauti ya asubuhi kwenye fukwe zetu. Zilipofika, boti zenyewe zilibadilika umbo. Kwenye Ziwa Victoria, boti za aina ya Sese, zenye asili ya visiwa vya Ssese huko Uganda, zilikuwa zimechongoka mbele na nyuma kwa ajili ya kafi. Injini haina pa kushika kwenye ncha, kwa hiyo mafundi wakaanza kujenga Sese zenye tezi bapa. Mpaka leo maafisa wa uvuvi wanapohesabu vyombo ziwani huzitenganisha: zilizochongoka pande mbili, na zilizokatwa upande mmoja.

Na chombo kikishakuwa na injini, hakibaki cha samaki peke yake. Boti iliyoleta changu asubuhi inapeleka bibi harusi jioni. Inapeleka maiti kwenda kuzikwa, wageni wa Maulidi, watoto wa shule. Hatukuwahi kuwa na anasa ya kutenganisha boti ya kazi na boti ya starehe, na sioni aibu yoyote katika hilo. Wasiwasi wangu ni mwingine. Samaki wa kilo 500 wanalala chini, kwenye sakafu, na barafu juu yao, na hawaendi popote. Watu wa kilo 500, yaani watu wazima saba hivi, wanakaa juu ya mbao, wengine wanasimama, na akitokea pomboo upande wa kulia wote wanahamia kulia na simu mkononi. Uzito ni uleule. Boti si ileile tena. Nahodha aliyezoea samaki anaangalia maji yamefika wapi ubavuni, anaona ni kama jana, anaondoka.

Kwa hiyo ukienda kununua, acha kuulizia injini kwanza. Uliza juu ya tumbo. Kwa familia ya watu watano inayovua ndani ya mwamba na mara chache nje, mimi ningetafuta faiba ya mita 5 na nusu hadi 6, V ya wastani, digrii 16 hadi 19 kwenye tezi. Haitakata mawimbi kama Moppie wala kutulia kama Whaler, lakini itafanya vyote kwa heshima. Usukani uwe katikati, ili mwenye samaki mkali aweze kumzunguka naye boti nzima. Viti vya familia viwe nyuma na katikati, kwa sababu omo ndiyo inayorushwa zaidi. Kivuli kiwe cha turubai la kukunja, si paa zito linaloongeza uzito juu. Ubavu ufike angalau juu ya goti la mtu mzima akiwa amesimama. Mvuvi atanung'unika kwamba anainua samaki mbali. Mnunulie ndoana yenye mpini mrefu.

Injini ifuate kibandiko cha mtengenezaji kinachoonyesha kiwango cha juu, na kama hakuna kibandiko, mtafute fundi wa boti asiye ndugu yake muuzaji. Mafuta nayo yana hesabu ya mitaani ambayo haidanganyi sana: injini ya petroli ikifunguliwa yote, kila nguvu 10 za farasi zinameza karibu lita 4 kwa saa, na zile kuukuu za kuchanganya oili zinameza zaidi. Injini ya 40 basi ni lita 16 au zaidi kwa saa. Zidisha mwenyewe kwa bei ya leo, halafu amua kama kweli unahitaji ya 90.

Halafu omba kuijaribu kabla ya kulipa. Usikubali saa mbili asubuhi maji yakiwa kama kioo. Nenda alasiri, kusi likiwa limeshika, kila mtu akiwa amevaa jaketi la kujiokolea, na uende na mtu wa nyumbani ambaye hapendi bahari. Tembeeni kwa mwendo ukitazama uso wake, sio dashibodi. Kisha zima injini, acha boti igeuke ubavu kwa mawimbi, na waambie wote wasogee taratibu upande mmoja. Tazama ukingo umebaki umbali gani na maji.