Mkwamo: Neno na Historia Yake Nchini Kongo

Kitenzi kukwama chahusu kitu kilichozuiwa kisiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma: mwiba kooni, lori matopeni. Kutoka hapo twapata nomino mkwamo, ambayo leo hutumika zaidi kwa mambo ya utawala, pale pande mbili zinapokabana na hakuna inayolegeza.

Inafaa tuchunguze umbo la neno hili. Kukwama hakudai mtenda. Gari hukwama, wala hatuulizwi nani kalikwamisha. Kauli ya kusababisha, kukwamisha, humtaja mhusika. Kauli ya kutendua, kukwamua, humleta mwokozi. Tofauti hii ya sarufi ina uzito katika historia yetu.

Tarehe 5 Septemba 1960, Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwachisha kazi Waziri Mkuu Lumumba. Usiku uleule Lumumba naye akatangaza kumwondoa Rais. Husemwa kuwa nchi ilikwama. Lakini tarehe 7, Baraza la Wawakilishi lilibatilisha matangazo yote mawili, na kesho yake Seneti ikamuunga mkono Lumumba. Bunge, basi, lilikuwa limetoa uamuzi. Kasavubu ndiye aliyekataa kuufuata. Tarehe 14, Kanali Mobutu akatangaza kuwasimamisha viongozi wote wawili pamoja na Bunge.

Mwaka 1965 mambo yalifanana na hayo. Mwezi Oktoba Kasavubu alimwondoa Tshombe akamteua Évariste Kimba. Tarehe 14 Novemba Bunge likamnyima Kimba imani, naye Rais akamteua tena mtu yuleyule. Siku 10 baadaye jeshi lilitwaa madaraka. Mobutu, aliyekuja kama mkwamuaji, alijitangaza Rais kwa miaka 5. Aliondoka Mei 1997.

Mara zote mbili palikuwa na mkwamishaji anayejulikana, na palikuwa na chombo halali cha kuamua. Kusema tu kwamba "nchi imekwama" kwafuta vyote viwili, na hubakiza nafasi moja katika sentensi: ya yule anayekuja kukwamua.

Hatusemi neno mkwamo liachwe. Twasema kwamba mwanafunzi wa historia akilikuta, alirudishe kwenye kitenzi chake na aulize: ni nani aliyekwamisha, na ni nani aliyefaidika na mkwamo huo?