Kalindula na Gitaa Kavu: Nyimbo za Kingo Mbili za Ziwa Mweru

Katika vipindi vyetu vya fasihi simulizi, mwalimu akitaja nyimbo za Kiswahili, mifano huwa ni taarabu ya Unguja na Mombasa, kisha dansi la Dar es Salaam. Safari hii tunawaomba wasomaji watufuate mbali na bahari, hadi Chienge na Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Lugha za nyumbani huko ni Kibwile, Kishila na Kibemba. Hata hivyo Kiswahili hakiko mbali, kwani ng'ambo ni Katanga, na mji wa Pweto ni jirani wa Chienge. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Mpaka unaopita Mto Luapula na ziwani ulikuja baadaye, kwa mapatano ya Uingereza na Mfalme Leopold II ya mwaka 1894.

Kalindula kwanza ni jina la ala: besi ya kujitengenezea, mpini wa mti juu ya kibuyu au kopo kubwa, yenye uzi mmoja au nyuzi chache. Vijijini Luapula iliandamana na banjo za kuchonga na ngoma, watu walipokusanyika kunywa pombe na kucheza. Mapema miaka ya 1970 vijana wa mijini walipenda zaidi roki, na wengi waliimba kwa Kiingereza. Ndipo Rais Kaunda alipoagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo limesifiwa mno, kwa maoni yetu, maana amri haitungi wimbo. Miondoko ilikuwapo tayari. Wanamuziki waliichukua kijijini wakaitia umeme, na gitaa la besi likashika kazi ya ile ala ya kibuyu. Hivyo tulimpata Spokes Chola na Mansa Radio Band, tukapata Shalawambe, pia wa Mansa, na P.K. Chishala, mwimbaji kipofu aliyesimulia maisha ya watu wa kawaida kwa Kibemba. Bendi ya Serenje Kalindula ilitoka kusini zaidi, kwa Walala.

Na ng'ambo je? Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Msiri. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952, na wimbo wake "Masanga" ukaenea. Alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji hudhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, na wapiga magitaa wa Kenya wakamwiga. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, lugha iliyokomazwa katika miji ya migodi, ambako wanaume wa Luapula walikuwa wakifanya kazi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Walirudi makwao na mishahara, na bila shaka na nyimbo pia.

Hapa tuna la kukiri. Tumewahi kuwapa wanafunzi nyimbo za Katanga kama zoezi la kusahihisha makosa: ngeli hii imekosewa, kiambishi kile kimeachwa. Hatukuwauliza kwa nini mashairi hayo yalikaa sawasawa juu ya gitaa lile, wala yangesikikaje baada ya kusahihishwa. Mwanafunzi mmoja alijaribu kuuimba wimbo "uliosahihishwa". Silabi zilizidi mapigo, darasa likacheka, nasi tukacheka nao. Muhula huu tutaanza na kusikiliza kanda, kalamu nyekundu zikiwa mezani.

Jean Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Ilitokea upande wa Zambia.