Lugha ya Tangazo, Lugha ya Mkataba: Kampuni Zinavyokosea Kuchagua Lugha za Kutafsiria

Kampuni inapojiandaa kuvuka mpaka, swali la lugha hufika mezani likiwa limeshajibiwa nusu. Mtu wa masoko hufungua jedwali la lugha za dunia, akazipanga kwa idadi ya wasemaji, akapiga mstari chini ya ile ya kumi, na bajeti ikaandikwa. Katika tasnia ya ujanibishaji wa programu mazoea yalikomaa hata yakazaa kundi lenye jina lake, FIGS, yaani Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kihispania, lugha ambazo kwa miaka mingi zilitangulia kila orodha bila mtu kuuliza kwa nini. Kiswahili nacho siku hizi huingizwa kwenye majedwali hayo kwa takwimu inayorudiwa kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani: wasemaji zaidi ya milioni 200. Hoja ya makala haya ni kwamba idadi ya wasemaji haistahili kuwa kigezo cha kwanza, na kwamba hata pale lugha inapochaguliwa sawasawa, kampuni nyingi hutafsiri maneno mepesi na kuyaacha yale yanayomfunga mteja.

Tuanze India, kwa kuwa huko uchaguzi ulifanyika hadharani. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 97 ambao lugha yao ya kwanza ni Kibengali, milioni 83 wa Kimarathi, na karibu milioni 35 tu wa Kimalayalam. Amazon ilifungua duka lake kwa Kihindi mwaka 2018, jambo lililotarajiwa. Septemba 2020 ikaongeza lugha nne za kusini: Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam. Kibengali na Kimarathi zilisubiri hadi 2021. Lugha yenye wasemaji karibu mara tatu ilikaa foleni nyuma ya Kimalayalam.

Sababu, nadhani, zinaonekana ukiitazama ramani. Jimbo la Kerala, nyumbani kwa Kimalayalam, lilikuwa na takriban asilimia 94 ya watu wanaojua kusoma na kuandika katika sensa hiyohiyo, na kwa miongo mingi limepokea fedha za wana wake walioko Ghuba. Msemaji wa Kimarathi hapati taabu kubwa kusoma Kihindi, maana lugha hizo mbili zinatumia hati moja ya Devanagari. Wa Kitamil ana hati yake, na siasa za Tamil Nadu tangu miaka ya 1930 zimekataa katakata Kihindi kiwe daraja. Muuzaji anayejua kazi yake anaangalia kwanza nani hana njia nyingine ya kumfikia, kisha ndipo ahesabu vichwa.

Kigezo cha pili kinachopotosha ni hadhi ya kisheria. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Uganda ilikwishakitaja katika marekebisho ya katiba ya 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Mfanyabiashara wa Mwanza anayesoma habari hizo anaweza kudhani amefunguliwa milango miwili. Ukweli ni kwamba Kigali inauziana kwa Kinyarwanda, lugha ya takriban kila Mnyarwanda, na mama muuza vitenge wa Kampala atakujibu kwa Kiganda kabla hajajaribu Kiswahili. Hadhi rasmi hueleza nia ya dola. Bei hupatanwa kwa lugha nyingine.

Jambo lililo zito zaidi, na ambalo majedwali hayana safu yake, ni tofauti kati ya lugha ya sikio na lugha ya jicho. Mtumie mtu pesa kwa M-Pesa nchini Tanzania, ujumbe utarudi na neno "Imethibitishwa" pamoja na kiasi na salio, vyote kwa Kiswahili. Fanya hivyohivyo Kenya, na kwa kawaida ujumbe utaanza na "Confirmed". Waswahili wa pande zote mbili wanaelewana sokoni bila mkalimani. Tofauti imetoka shuleni: mtoto wa Tanzania husomeshwa kwa Kiswahili shule ya msingi yote, ilhali mwenzake wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, na Kiswahili hubaki somo. Wakenya wengi wanaocheka, kugombana na kudaiana kwa Kiswahili husoma tarakimu na masharti kwa Kiingereza. Anayetafsiri maandishi bila kujua hilo atawapa watu lugha waipendayo mahali wasipoihitaji.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaonyesha hali hiyo kwa ukali zaidi. Katika miaka ya karibuni benki za Afrika Mashariki zimeingia huko kwa kishindo: Equity iliunganisha shughuli zake na benki ya BCDC mwaka 2020, KCB ikanunua hisa nyingi za Trust Merchant Bank mwaka 2022, na CRDB ikafungua tawi Lubumbashi mwaka 2023. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zinazotajwa na katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai, lakini Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na ndiyo ambayo mtu wa Lubumbashi amezoea kujazia fomu. Kiswahili chake ni cha foleni, cha simu na cha nyumbani, kimejaa Kifaransa na kina sarufi yake. Fomu iliyotafsiriwa Dar es Salaam na kupelekwa huko kama ilivyo itaeleweka, ila itasomeka kama hotuba ya mgeni rasmi. Kwa benki ya aina hiyo busara ni kuweka Kiswahili kaunta na kwenye kituo cha simu, kwa wafanyakazi waliozaliwa hukohuko, na kuacha karatasi kwa Kifaransa, angalau kwa sasa. Uamuzi huo haupendezi mtetezi wa Kiswahili, nami ni mmoja wao, lakini biashara haiendeshwi kwa kupendeza.

Ethiopia inaongeza tatizo la maandishi yenyewe. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma zake Addis Ababa Oktoba 2022 iliwahudumia wateja kwa Kiamhari, Kioromo, Kisomali, Kitigrinya na Kiingereza. Ingeweza kukomea kwenye Kiamhari, lugha ya mji mkuu na ya serikali kuu, lakini sensa ya 2007 ilionyesha wenye lugha ya kwanza ya Kioromo wakiwa asilimia 34 dhidi ya 29 ya Kiamhari, na katika siasa za nchi ile kuruka lugha ni kutangaza upande. Halafu kuna simu. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160 za Kilatini. Ukiuandika kwa hati ya Kiamhari nafasi hushuka hadi herufi 70. Kila herufi ya hati hiyo hubeba silabi nzima, kwa hiyo hasara si kubwa kama tarakimu zinavyotisha, lakini ni gharama halisi katika huduma inayotuma mamilioni ya jumbe. Kioromo, kinachoandikwa kwa Kilatini, hakina mzigo huo.

Watetezi wa tafsiri hupenda kunukuu utafiti wa CSA Research wa 2020, uliowahoji watu 8,709 katika nchi 29 na kukuta asilimia 76 wakipendelea kununua bidhaa yenye maelezo kwa lugha yao. Siutilii shaka, ingawa nakumbuka kwamba kampuni hiyo inaishi kwa kuihudumia tasnia ya tafsiri. Shida ni kwamba upendeleo hausemi tafsiri inahitajika katika hatua ipi ya ununuzi. Mtu hununua soda kwa rangi ya kopo. Mkopo haununuliwi hivyo.

Chukua mkopo mdogo wa mtaani Tanzania, wa aina iliyobatizwa "kausha damu". Bango lake ni la Kiswahili fasaha na picha ya mama anayetabasamu. Ukifika ofisini, si ajabu kukabidhiwa mkataba wa Kiingereza wenye kurasa kadhaa na kuoneshwa pa kusaini. Tuseme ni shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Riba hiyo ikikokotolewa juu ya deni lililobaki, mkopaji atalipa takriban shilingi 100,460 kila mwezi, na riba yote itafika 205,500 hivi. Ikikokotolewa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, atalipa 113,333 kwa mwezi, na riba itakuwa 360,000. Zaidi ya shilingi 154,000 zimefichwa ndani ya sentensi moja, na ni sentensi ambayo haikutafsiriwa. Kiswahili kimetumika kumwita mteja na kimeondolewa pale alipohitaji kuelewa. Sioni kuwa huo ni usahaulifu. Lugha asiyoisoma mkopaji humfaa mkopeshaji.

Nitajibiwa kwamba tafsiri ni ghali, na kwa sehemu ni kweli. Lugha mpya ni kama kuajiri: mshahara hauishi mwezi wa kwanza. Kila bei ikibadilika, kila sharti likirekebishwa, nakala zote hurekebishwa, na mteja aliyekaribishwa kwa Kisomali atapiga simu kulalamika kwa Kisomali. Kampuni ndogo yenye lugha mbili zinazotunzwa vizuri inaizidi yenye kumi zilizochakaa. Tafsiri ya mashine imepunguza gharama ya kuanza, hasa tangu Mei 2022 Google ilipoongeza Kilingala, Kiganda, Kioromo na Kitigrinya katika huduma yake, na kwa maelezo ya viatu hiyo inatosha. Kwa kifungu cha dhamana haitoshi, maana mashine haishtakiwi.

Hata hivyo gharama ya kutafsiri mkataba hailipwi mara zote na aliyeuandika. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mdaiwa wa kausha damu atajieleza kwa Kiswahili mbele ya hakimu kuhusu karatasi ya Kiingereza, na hapo itabidi itafsiriwe, baada ya friji na kochi kukwisha kubebwa. Jimbo la Quebec nchini Kanada limechagua kutanguliza kazi hiyo. Kwa sheria yake ya 2022, mkataba ulioandaliwa na upande mmoja, ambao mteja hawezi kujadili masharti yake, lazima mteja akabidhiwe kwanza kwa Kifaransa; akitaka lugha nyingine, ataichagua baada ya hapo. Benki Kuu za ukanda wetu zingeweza kuazima kanuni hiyo kwa mikopo midogo, kwa Kiswahili Tanzania na kwa Kinyarwanda Rwanda. Lubumbashi ingehitaji namna yake: karatasi ibaki kwa Kifaransa, na masharti ya riba, adhabu na dhamana yasomwe kwa sauti kwa Kiswahili cha hapo, na kurekodiwa, kabla ya saini.