Kudai Sare kwa Marudio: Kutoka Karatasi ya Hatua hadi Mtandaoni

Mchezaji wa sataranji ana haki ya kudai sare mpangilio uleule wa kete unapotokea ubaoni kwa mara ya tatu, ilimradi zamu ya kucheza ni ya mtu yuleyule na kila kete ina uwezo uleule iliokuwa nao. Marudio hayo hayalazimiki kufuatana.

Kanuni haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ile ya zamani ilihesabu hatua: mfululizo uleule ukirudiwa mara tatu bila kukatizwa, mchezo uliisha sare. Mwaka 1929 Max Euwe, mwalimu wa hisabati wa Uholanzi aliyekuja kuwa bingwa wa dunia kuanzia 1935 hadi 1937, alionyesha kasoro yake. Alitumia mfuatano wa sufuri na moja unaoanza 0110100110010110, ambamo hakuna kipande chochote kinachojirudia mara tatu papo kwa papo, hata ukiendelezwa bila kikomo. Sufuri ikiwa na maana ya farasi wa upande mmoja wa ubao kutoka na kurudi, na moja ikiwa farasi wa upande wa pili, wachezaji wawili wangeweza kucheza milele pasipo kanuni kuusimamisha mchezo. Ukihesabu mipangilio badala ya hatua, mwanya huo unazibika, kwa kuwa mipangilio ya kete, ingawa ni mingi kupita kiasi, ina idadi maalumu.

Kuhesabu mipangilio kulimtwika mchezaji mzigo wa kukumbuka. Anayedai huandika hatua yake kwenye karatasi bila kuicheza, husimamisha saa, kisha humwita mwamuzi. Mwaka 1971 mjini Buenos Aires, katika mchezo wa tatu kati ya Bobby Fischer na Tigran Petrosian, malkia wa Fischer alikwenda mraba wa e2 katika hatua ya 30 na ya 32, na hatua ya 34 ingemrudisha hapo tena. Hatua za katikati zilitofautiana, ila mpangilio ulikuwa mmoja. Petrosian, aliyekuwa na hali nzuri zaidi, hakuwa ametambua. Fischer aliandika hatua hiyo bila kuicheza, akamwita mwamuzi Lothar Schmid, akapata sare.

Anatoly Karpov alipodai sare dhidi ya Tony Miles huko Tilburg mwaka 1986, akiwa na dakika chache tu, kete zilikuwa kweli zimekaa vilevile mara tatu. Lakini mara ya kwanza mfalme mweusi alikuwa bado na haki ya kuhamishwa pamoja na ngome kwa hatua moja. Mara mbili zilizofuata haki hiyo ilikuwa imepotea, hivyo dai halikuwa sahihi. Siku hizi anayekosea huona mpinzani wake akiongezewa dakika mbili. Tangu Julai 2014, kanuni za shirikisho la dunia, FIDE, zinamaliza mchezo kwa sare mpangilio ukitokea mara tano, hata kama hakuna aliyedai.

Seva ya kwanza ya sataranji kwenye intaneti ilianza mwaka 1992. Hapo hapakuwa na karatasi wala mwamuzi, bali programu inayotunza kila hatua. Mbinu inayotumika sana kutambua marudio ni ya Albert Zobrist, ya mwaka 1970: kila aina ya kete kwenye kila mraba hupewa namba yake ya nasibu, jumla 768, na nyingine chache kwa ajili ya zamu na haki maalumu. Namba za kete zilizopo huunganishwa kuwa moja inayouwakilisha ubao wote. Kete ikisogea, sehemu ndogo tu ya hesabu hubadilika, na kulinganisha ubao wa sasa na wa nyuma huchukua muda mfupi mno.

Mashine ikishajua, swali linabaki kama ikatize mchezo yenyewe. Tovuti ya Chess.com hutangaza sare mara ya tatu inapotimia. Njia hiyo humwadhibu anayeongoza ambaye, kwa haraka ya saa, anasogeza kete huku na huku akitafuta ushindi. Tovuti ya Lichess humwachia mchezaji kubonyeza kitufe cha kudai, na hukata mchezo yenyewe mara ya tano. Uamuzi huo unastahili sifa, kwa kuwa unaitunza sare kama haki ya mchezaji. Asiyetaka kuhangaika anaweza kuchagua katika mipangilio ya tovuti kwamba dai lifanywe daima kwa niaba yake, au pale tu saa yake inapokuwa chini ya sekunde 30.