Chanja na Barafu: Kuhifadhi Kitoweo Ufukweni mwa Ziwa Mweru

Tunapofundisha msamiati wa jikoni, mwanafunzi wa leo huanza na friji. Ukimwuliza nyama ilihifadhiwaje kabla ya friji, husita. Katika makala haya tunapenda kulijibu swali hilo kwa kutazama Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru, ambako joto la Oktoba huharibu kitoweo upesi.

Bonde la Luapula lilikuwa na samaki tele na wanyama wa mabondeni kama sheshe. Mwindaji alijua la kufanya: kumtoa mnyama matumbo mara moja, kumtundika kivulini penye upepo, kisha kuchana vipande vyembamba nyama isiyoliwa siku ile na kuibanika juu ya chanja. Baridi huchelewesha tu vijidudu vinavyoozesha nyama. Moto na moshi wa chanja huondoa maji ambayo vijidudu hivyo huyahitaji. Ndiyo maana nyama iliyokauka vizuri huweza kusafiri mbali. Samaki nao walibanikwa, na wale wadogo waitwao chisense huanikwa juani hadi leo.

Chakula kikavu kilifaa misafara ya biashara, nayo ilifika huko mapema. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867, alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekwisha kukaa huko miaka mingi.

Karne ya 20 ilileta barafu. Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wafanyakazi wa migodi walihitaji kitoweo. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makao Kasenga, kwenye Mto Luapula upande wa Kongo, wakapeleka samaki mjini kwa malori wakiwa ndani ya barafu. Aliyetafutwa sana ni mpumbu, samaki anayepanda mto wakati wa mvua ili kutaga. Akavuliwa njiani, mayai yakiwa tumboni. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1950, uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeporomoka.

Hatusemi kwamba barafu ni mbaya. Nyavu na njaa ya soko ndizo zilizommaliza mpumbu. Hata hivyo, mwenye chanja alivua kadiri ya kuni na mikono aliyokuwa nayo. Barafu na lori viliondoa kikomo hicho, na hakuna aliyeweka kingine kwa wakati.

Je, haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Neno barafu limetoka Kiajemi, nasi hulitumia kila siku. Lakini kubanika, chanja, na ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, wanafunzi wetu wengi huyakuta kwenye kamusi tu. Neno likipotea, ujuzi uliokuwa ndani yake nao hupotea, na umeme ukikatika hatuna pa kukimbilia.

Tunawaomba basi wanafunzi watakaokwenda nyumbani likizo wawaulize bibi na babu zao: nyama ya ziada mliifanyaje? Waandike kila neno watakalolisikia, pamoja na namna kazi yenyewe inavyofanywa, watuletee darasani.