TV ya chogo na redio ya zamani: kwa nini moja inahitaji king'amuzi na nyingine haihitaji

Kiruruma na kwingineko Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, bado utakuta nyumba zenye TV ya chogo na redio kaseti zinazofanya kazi. Hapa tunaeleza kwa nini redio hiyo inakamata matangazo yenyewe, ilhali TV haioneshi kitu bila king'amuzi.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia Desemba 31, 2012, jijini Dar es Salaam, kisha mikoa mingine ikafuata. TV ya chogo haielewi mawimbi ya dijitali. King'amuzi huyapokea, huyageuza, kisha huyapeleka kwenye TV kwa waya tatu: wa njano ni wa picha, mwekundu na mweupe ni wa sauti. Redio haikuguswa. Matangazo ya FM bado ni ya analojia, kati ya megahezi 87.5 na 108.

Kwa hiyo usitupe TV nzima kwa kukosa king'amuzi. Lakini kama unatumia sola, kumbuka kuwa chogo hula umeme mwingi kuliko TV bapa ya ukubwa huohuo, na betri itaisha mapema.

Usifungue mfuniko wa nyuma, wala usiwaache watoto waufungue. Ndani hubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kazi hiyo mwachie fundi.

Redio isiyotumika itoe betri. Zikivuja huozesha vyuma vya ndani.